Sababu Kabla ya Bugali

Lubumbashi, Katuba

Baba,

Pokea salamu zangu ukiwa umekaa, kwa maana Faida ananiambia siku hizi kusimama kunakushinda. Wengine huuliza afya kwa desturi. Mimi nataka kujua: mikono bado inatetemeka? Unalala? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku imeniingia kifuani, na maji ya bomba yametukimbia, tunayafuata mbali tukibeba bidoni, madumu ya huku. Umeme nao huja ukitaka. Juzi ulikatika katikati ya somo, mwanafunzi mmoja akasema gizani, "Madame, Mungu alisema iwe nuru, Lubumbashi ikakataa." Walicheka mpaka kengele. Nakula vizuri. Nimetaka ulijue hilo mapema.

Faida mdogo wangu, wewe unayemsomea, soma yote. Usiruke mahali kwa huruma. Na msomee mezani.

Barua yako ilinifikia kwa mkono wa mama mmoja mfanyabiashara, ikiwa imetoka huko Baraka kwa mashua ziwani hadi Kalemie na kisha kwa treni, na bado ilikuwa inanuka samaki. Umeandika machache. Kwamba tangu mlipomzika Mama, aliyeuawa na kipindupindu, hupati usingizi. Kwamba kwenye matanga, ulipokuwa unawaeleza watu kuwa kila kitu duniani kina mpangilio, jirani yetu Mrundi anayelima mihogo kando ya mto Mutambala alikuuliza kwa upole, "Pasta, na hii kolera, nayo Mungu aliipanga?" ukakosa jibu mbele ya watu wote. Kwamba umezipitia hoja zako za zamani na zote zimekuvunjikia mkononi. Na kwamba hutatia chakula mdomoni mpaka binti yako aliyesoma falsafa akutumie moja tu iliyo nzima, ya kuonyesha kuwa Mungu yuko. Kwa akili peke yake. Bila mstari wa Biblia.

Nilicheka, Baba. Nilicheka kwenye chumba cha walimu mpaka mwenzangu akauliza kama nimeposwa.

Nilicheka kwa sababu ile ni sheria yako, na imekurudia kama ulivyoitunga. Tulipokuwa watoto, bugali umefunikwa, wewe umemaliza sala, halafu unaninyooshea kidole.

"Sifa! Leo utakula na sababu gani?"

"Mungu iko, sababu Biblia inasema..."

"Bila mustari! Kwa kichwa yako."

Aliyerudia sababu ya jana, sahani yake iliondolewa. Aliyelia, ziliondolewa zote. Wageni walishuka kutoka Fizi kuja kusikia watoto wa Pasta wa Baraka wanavyomthibitisha Mungu kabla ya kula. Walipiga makofi, kisha wakala samaki wetu.

Nilikuwa na miaka tisa ulipotufundisha hoja ya yule aliye mkuu kuliko chochote kinachoweza kufikiriwa. Ulisema lazima awepo, kwa kuwa asingekuwepo, angepungukiwa na kitu, naye hapungukiwi. Nilifikiri, kama ulivyotaka.

"Baba, mi nafikiri bugali moja kubwa kupita bugali yote. Na samaki mukebuka mukubwa pembeni. Kama haiko, basi haiko kubwa kupita yote. Kwa hiyo iko. Iko wapi?"

Mama alicheka jikoni. Wewe hukucheka.

"Ile haiko sababu. Ile iko njaa," ukasema, ukaichukua sahani yangu.

"Na ile yako, Baba, iko nini?"

Ukachukua na ya Faida.

Basi kazi uliyonipa nimeifanya kwa haki. Nimezipima hoja zako upya, bila hasira, na hasira nimeiweka kwenye barua.

Ya moto ndiyo uliyoipenda kuliko zote. Mama anaomba kaa la moto kwa jirani, jirani naye aliomba kwa mwingine, na yule kwa mwingine. Haiwezekani wote wawe wameomba, ulisema; lazima kuna mama mmoja aliyewasha kiberiti. Ni hoja nzuri. Nawafundisha wanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho na inawapendeza. Lakini tazama inachokupa: inakupa kwamba kuna aliyewasha. Haikuambii kwamba bado yuko. Anaweza kuwa amekufa zamani, na moto ukaendelea kuhama nyumba kwa nyumba bila hata kumjua. Unataka mfano? Geuka utazame jikoni. Mwenye jiko yuko kaburini, na moto bado unawaka.

Ya wavu. Ulitupeleka Ubwari kwa mjomba, ukatuonyesha matundu yote yamelingana, ukasema hakuna fundo lililojifunga lenyewe, na dunia nayo imefungwa vivyo hivyo, kwa hiyo kuna mkono. Nakubali. Ila siku zote ulisimama ufukweni, Baba, upande wa mfumaji. Hama, usimame upande wa ndakala, dagaa walio ndani. Hata kwao wavu una mpangilio, kila tundu liko mahali pake, na akili iliyoufuma inaonekana wazi. Kama kolera ilikuwa na mfumaji, aliifuma vizuri sana. Hilo ndilo jibu ulilopaswa kumpa Mrundi: ndiyo, aliipanga. Unalitaka?

Ya yule mkuu kuliko wote nilikujibu nikiwa na miaka tisa, nawe ukanijibu kwa kuondoa sahani.

Faida alinipigia simu Jumapili baada ya ibada. Huenda hakukuambia.

"Dada, Baba amebakia mifupa. Anakunywa maji na mchaichai, basi. Tuma kitu."

"Sina kitu."

"Danganya! Andika Kifaransa ya mingi, tia na Kilatini kidogo. Nani hapa Baraka atajua?"

"Yeye."

Kisha akasema, "We uko na roho mubaya sawa yeye."

"Nani alinifunza?"

"Dada, mi sitaki kuzika bawili mwaka moja."

Nilikaa na neno hilo. Ipo hoja moja ndefu, imenyooka, hatua kwa hatua, ambayo ungeizungukia wiki kadhaa kabla ya kuona tundu lake, na wakati huo ungekuwa umekwisha kula. Niliiandika yote kwa mwandiko mzuri. Halafu nikaichana. Si kwa sababu napenda ukweli kuliko ninavyokupenda wewe. Niliichana kwa sababu tundu ungeliona, nakujua, na ungelala na njaa mara ya pili huku huna tena binti wa kumwandikia.

Sasa nakupa nilicho nacho. Faida, hapa ndipo utakapotaka kuruka. Soma.

Miaka yote uliwaambia wageni, "Njaa ndiyo mwalimu. Batoto bangu banafikiri sababu tumbo iko wazi." Baba, hatukuwahi kulala na njaa. Kila ulipoondoa sahani, Mama aliita kutoka jikoni, "Sifa, kuja kosha sufuria!" Aliita kwa ukali, ili udhani ni adhabu ya pili. Nawe ulitikisa kichwa kwa kuridhika, nilikuona. Ndani ya sufuria alikuwa ameacha ukoko mnene, na ndakala wamelazwa chini yake, na mchuzi. Nilikula nimechuchumaa, yeye amesimama mlangoni, amekupa mgongo. Hakuniuliza sababu. Wala hakumuuliza Faida. Kichwa hiki unachojivunia, ulichokipandisha mashua kuja kusoma huku, kililishwa kwa chakula ambacho hakikudai jibu la swali lolote. Pale mezani aliyeiamini ile sheria ulikuwa wewe peke yako. Hata mgeni wako mmoja kutoka Fizi alipotea njia ya choo, akaingia jikoni, akatukuta mashavu yamejaa. Alirudi mezani akakupongeza.

Utataka kujua hilo linathibitisha nini. Halithibitishi kitu. Usiligeuze kuwa mahubiri, maana tayari nakusikia unatafuta pa kuanzia. Mama hakuwa hoja. Alikuwa mwanamke aliyeacha ukoko makusudi, na kolera ikamchukua hata hivyo, nami sikuwahi kufika hata kushika udongo. Moja iliyo nzima sina. Nimesoma miaka yote hii na sijaiona, na wanaosema wanayo hawajawahi kukaa kwenye meza yako.

Kwa sheria yako, basi, utakufa. Kwa sheria ya Mama, unakula. Chagua mwenyewe, na usiseme ni Sifa aliyechelewa kujibu. Ukichagua yako, sitapanda treni kuja kusimama juu ya kaburi kuwapa watu sababu.

Nisalimie shangazi anayeuza ndakala sokoni. Mwambie aache kukuletea maono yake, huna nguvu za kuyabishia. Nisalimie mjomba wa Ubwari na nyavu zake, sina ugomvi nazo. Jirani yetu Mrundi mwombe radhi kwa kumkatia salamu tangu matanga. Aliuliza vizuri kuliko wanafunzi wangu wote, na alikuwa amebeba jeneza.

Faida mdogo wangu, pole kwa kazi hii. Ukimaliza kusoma, kunja karatasi. Cha kuacha ndani ya sufuria tumekwisha kuelewana kwa simu. Tangulia jikoni, na usimbembeleze. Mwite kwa ukali, kama Mama, halafu simama mlangoni umpe mgongo.

Baba, ukisikia unaitwa, nenda ukakoshe sufuria.

Binti yako wa kwanza,
Sifa