Koo Langu, Masikio ya Nabalayo

Jumanne, 4 Machi 2025

Ni kansa. Ya koo.

Daktari alisema kwa Kiingereza, akaona uso wangu, akarudia kwa Kiswahili — polepole, kama anamwelekeza mgeni njia. Kisanduku cha sauti lazima kitolewe. Chote. Nitapumua kwa tundu hapa chini ya shingo, mpaka kufa. Nikauliza: na kuongea? Akaanza kupanga karatasi zake.

Miaka ishirini na tisa nimefundisha makuruti wa polisi kutembea. Nikisema "Mguu sawa!" njiwa walikuwa wanaruka kutoka kwenye bati. Nimestaafu sajini. Pensheni ni ndogo, sauti ilikuwa kubwa. Hiyo tu ndiyo mali niliyotoka nayo kazini!

Nikasema hapana. Nikavaa kofia, nikatoka. Mke wangu Nabalayo alibaki na daktari. Tulirudi nyumbani Bukoto kwa boda mbili, yeye mbele, mimi nyuma naangalia mgongo wake.

Jumamosi, 8 Machi

Sikukuu ya Wanawake. Paredi kwenye televisheni. Yule mtoa amri namjua, nilimfundisha mwenyewe — mpaka leo anaita kwa pua.

Binti yetu Aciro alikuja na chapati. Ni mwalimu wa hesabu, basi akanichorea mistari miwili nyuma ya bahasha. Huu wa kukataa: miezi. Huu wa kukubali: miaka, labda mingi. Nikamuuliza, baba bila sauti ni baba gani? Akasema ni baba atakayemwacha mtu amalize sentensi yake. Akacheka. Halafu akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu kwa kikombe kimoja cha chai.

Jumapili, 9 Machi

Nabalayo hajaniongelesha leo. Tangu asubuhi! Hata salamu. Ameniwekea chai, amenipa shati la kanisani, amenikanyaga mguu kwenye misa nikisinzia. Neno, hakuna. Nikadhani amekasirika kwa sababu ya Jumanne. Nikamwuliza mara tatu, nikafoka mara moja. Anatabasamu tu, anapepeta mchele.

Saa kumi na mbili jioni akakaa mbele yangu, akafungua mdomo.

— Baba Aciro, leo umekula?

— Nimekula.

— Umevaa? Umesali? Umegombana na mimi?

— Nimegombana peke yangu.

— Basi. Leo nzima sikuwa na sauti. Ulinikosa wapi? Nilikuwa hapa.

Akasema hii nyumba anaweza kuivumilia ikiwa kimya na mimi niko kwenye kiti changu. Kimya kile cha kiti kitupu, hicho hataki hata kukifikiria. Halafu akainama kama anatafuta mchele ulioanguka. Hakuna mchele ulioanguka.

Kesho nampigia daktari.

Jumatano, 19 Machi

Nalazwa kesho. Aciro alileta simu akataka kunirekodi. "Sema chochote, Baba." Chochote! Nimepiga kelele maisha yote, na sasa sina neno. Nikakohoa. Nikataja jina na namba yangu ya kazi. Aciro akashika kichwa.

Basi nikasimama, nikatoa amri. Mguu sawa! Kulia geuka! Sauti imekwaruza lakini imetoka. Nabalayo akaja kutoka jikoni na mwiko begani kama bunduki, akageuka kulia vizuri kabisa, akapiga mguu chini. Nikamwambia nyuma geuka, akageuka. Mbele tembea, akatembea mpaka kwenye sufuria. Kwenye rekodi mnasikika mnacheka tu, alisema Aciro. Nikamwambia iache hivyo hivyo.

Halafu wakatoka kwenda dukani na nikabaki na sauti yangu. Nilitaka kumwambia Nabalayo kitu nilipokuwa bado naweza. Sisi lugha ya kuelewana ni moja tu. Yeye Mbukusu wa Bungoma, mimi Mwacholi. Mama yangu alimwita mgeni mpaka alipokufa. Kiswahili ndicho kilichotuoa. Nikajizoeza mbele ya kioo, maneno mazuri, marefu. Aliporudi nikasema, "Umenunua sabuni?"

Alikuwa amenunua.

Alhamisi, 20 Machi

Wodini. Kesho saa mbili asubuhi. Nesi ameuliza kama nina meno ya bandia. Nabalayo amejibu: "Hana. Kilichozidi ni mdomo, na huo ndio mnashughulikia." Nesi hakujua kama acheke. Mimi nilicheka. Kwa sauti. Nikajisikia nikicheka.

Nilimwambia, mwisho. Si yale ya kioo. Nilisema, "Nabalayo, nimekaa na wewe vizuri." Akasema, "Najua. Lala."

Jumatatu, 24 Machi

Nipo.

Mrija puani. Mirija shingoni. Nimepiga kelele kuita nesi — hakuna kitu kilichotoka. Hewa tu, hapa chini, kama tairi.

Jumatano, 26 Machi

Sasa nina madaftari mawili. La kuongea ni la kila mtu. Hili ni langu.

Nikikohoa, kikohozi kinatokea shingoni. Daktari leo asubuhi alisimama karibu mno. Pole yake.

Oyat alikuja, tulikuwa wote kazini. Nikamwandikia: "Habari za nyumbani?" Akachukua kalamu, akaandika: "Nzuri." Nikaandika: "Wewe unaweza kuongea." Akaandika: "Ndiyo, nilisahau." Aciro alitoka nje ya wodi akajifungia chooni kucheka.

Nabalayo analala kwenye mkeka chini ya kitanda changu. Wengine humu wana dada, shemeji, wanabadilishana zamu. Yeye hataki kubadilishana. Nesi amemfundisha kutumia mashine ya kunyonya makohozi. Mara ya kwanza alifumba macho. Sasa anafanya huku anamsimulia mama wa kitanda cha pili bei ya maharage.

Jumanne, 1 Aprili

Jaribio la kumeza. Walinipa juisi nyekundu. Nikameza — tamu! Siku kumi na moja ulimi haujaona kitu. Halafu nesi akaangalia shingo. Nyekundu, kwenye mshono. Inavuja. Mrija unabaki, wiki nyingine.

Niligeukia ukutani. Nabalayo akaacha nigeuke. Baadaye akasema, kwa mgongo wangu, kwamba yeye akishona gauni la kwanza la mteja siku zote mshono mmoja unamkataa, na hajawahi kuchoma gauni. Sikujibu. Nilikuwa na udhuru mzuri.

Ijumaa, 11 Aprili

Nyumbani! Kidonda kimefunga. Juzi nilikunywa uji — wa moto, nikataka kuupuliza, hakuna pumzi mdomoni. Nabalayo akapuliza. Mtu wa miaka sitini na moja anapuliziwa uji.

Majibu ya maabara: pale walipokata pamesafika. Lakini tezi moja ya shingo ilikuwa na kansa. Kwa hiyo mionzi, wiki sita, kuanzia mwezi wa tano. Aciro akauliza maswali yote. Mimi niliandika moja tu: "Nitaishi?" Daktari alisoma, akakaa chini kwanza. Akasema tuna sababu nzuri ya kutumaini. Nikaandika: "Jibu la kisiasa." Akacheka, akasema ndilo la kweli alilo nalo.

Mama Nakitende, mwenye nyumba, amekuja kuniona. "PORE SANA AFANDE! UMEPONA?" Anapiga kelele mpaka mbwa wameamka. Nabalayo: "Mama, kilichotoka ni koo, masikio yapo." Akapunguza. Baada ya dakika mbili akarudia kule kule juu. Nimemsamehe. Miaka yote ile yeye ndiye alikuwa ananiomba nipunguze.

Jumapili, 13 Aprili

Siku mbaya.

Maji yaliniingia tunduni nikioga, nikadhani ninazama, kwenye beseni! Halafu kwenye chakula nilitaka kusema kitu kidogo tu, kuhusu mboga, na daftari likawa mbali. Kitu kidogo! Nikarusha sahani. Nabalayo alifagia, akarudi kwenye jiko akanipa mgongo.

Nikalia. Sikujua kuwa kilio nacho kimeenda. Machozi yapo, kifua kinapanda, sauti hakuna. Yuko hatua tatu na hanisikii. Nililia hivyo, sijui muda gani. Aligeuka kutafuta chumvi ndipo akaniona.

Akaacha chungu. Akaja akaweka kiganja kifuani kwangu, hapa, akakiacha hapo. "Hapa nasikia," alisema. Chakula kiliungua. Tulikula ndizi.

Jumatatu, 14 Aprili

Amehamisha jiko. Siku nzima anasukuma vitu jikoni kama ana mashindano. Nilifikiri ni usafi wa Pasaka. Sasa akipika, uso uko kwenye kiti changu.

Jumamosi, 3 Mei

Mionzi inaanza Jumatatu. Wameshanichora alama shingoni, nafanana na ramani ya barabara. Naogopa. Naandika hapa kwa sababu kwenye daftari lile jingine nimeandika kwamba siogopi.

Wiki tatu sasa naenda kwa mwalimu wa sauti, binti mdogo, anaitwa Acayo. Anasema unameza hewa halafu unairudisha — kama mbweu — na ile mbweu unaigeuza neno. Pa. Ta. Ka. Ananinywesha soda. Niliwafunga makuruti siku tatu kwa kupiga mbweu kwenye mstari, na sasa napewa kazi ya nyumbani! Kwake nimetoa kelele za chura, neno hakuna. Anasema wengine wanachukua miezi, wengine haiji kabisa, na mionzi inaweza kuchelewesha. Anasema nisihesabu siku.

Leo mchana nimekaa barazani na chupa. Nabalayo yuko ndani na cherehani, anamshonea Aciro. Pa — hakuna. Ta — hakuna. Nikanywa, nikavuta, nikaachia: "Kaka."

Neno! Nene, la chini, kama la mzee mwingine kabisa. Nilitazama nyuma kuona nani amesema.

Cherehani imenyamaza.

— Baba Aciro, una mgeni?

Nimeandika hii haraka huku nimejaza hewa tena. Nasikia anasukuma kiti. Anauliza mgeni ni nani, mbona hakaribishwi ndani, achemshe chai ya watu wangapi — na ndala zake zinakuja kwenye mlango. Naweka kalamu.