Gari Lako Lilipuliza Baridi Likitembea Tu

Kwako Tata Banza, baba wa mwanangu,

Habari ya kifo chako ilinikuta napepeta mahindi, na niliendelea kupepeta. Usije ukadhani, huko uliko, kwamba nilidondosha ungo. Mahindi yalikuwa na mawe, nami sina tena meno ya kuchezea. Nililia baadaye, lakini si kwa ajili yako. Nililia kwa sababu aliyenipigia simu kunipa habari alikuwa Banza, mwanetu, na sikuwa nimesikia sauti yake tangu alipokuwa hajui kufunga viatu.

Aliniita mama kama tunavyomwita mama yeyote wa sokoni. Ulimlea ukimwambia kwamba nilimwacha nikamfuata mfanyabiashara wa vitenge. Hata uongo ulikuwa mvivu wa kuutunga. Mfanyabiashara gani angefuatwa mwaka ule, wakati sote tuliofukuzwa tulikuwa tunalala chini pale stesheni ya Kolwezi tukingoja treni?

Gari lako sasa analo yeye. Lile jeupe, ulilonunua kwa mzungu aliyekuwa anakimbia nchi baada ya maduka kuporwa. Mgodi ulikuwa umeporomoka, mishahara haiji, mtaa wetu mzima wa Dilala tunakula bukari, ugali wetu, kwa majani, na wewe ulikuwa na hamu moja tu duniani: klima ya gari, ile mashine ya baridi, ifanye kazi. Ulitaka upite mbele ya watu vioo vimefungwa, kama wakubwa wa kampuni. Nilikucheka, kisha nikakusaidia, maana nilikupenda. Naliandika hilo waziwazi ili likuchome.

Unakumbuka tulivyolitafuta lile tatizo? Kwanza ulisema ni gesi. Ukajaza gesi, baridi ikaja siku chache, ikaondoka. Nikakoroga sabuni kwenye bakuli la uji la Banza, wewe ukapaka povu juu ya mabomba, mimi nikatazama ni wapi litatoa mapovu. Nilipaona mimi, kwenye kiungo karibu na kompresa, mpira wake umekauka na kupasuka. Ukaubadilisha. Halafu mkanda ukaanza kulia kama mbuzi, ukaukaza. Kisha kompresa ikagoma kushika. Ukawa unabonyeza kitufe, mimi nimeinamisha sikio juu ya injini nikingoja ule mlio wake mdogo, ka. Ilikuwa waya tu, umelegea. Mlio uliposikika nilipiga kigelegele, Banza akarukaruka, na jirani akatoka kuuliza nani ameolewa.

Radieta ndogo ya mbele, ile ya klima, ilikuwa imezibwa na vumbi la mgodi na mabawa ya kumbikumbi. Niliiosha mwenyewe, taratibu, nisije nikakunja mapezi yake. Baada ya hapo gari lilipuliza baridi barabarani, lakini likisimama tu, joto tupu. Ulijua kwa nini. Ventilateri ya mbele, feni yake, ilikuwa imekufa, na bila upepo wa mwendo hakuna kitu cha kuipoza ile radieta. Nilikuambia tutafute nyingine.

"Na mi nitasimama sababu gani?" ulinijibu. "Gari iko ya kutembea."

Ndipo Wakatanga, watu wa kwenu, wakaanza kutuita bilulu, wadudu. Sisi tuliozaliwa na watu wa Kasai, hata sisi wa Kolwezi hapohapo, tusioijua Kasai hata kwa picha. Vijana wa mtaa walikuja nyumbani wakasema mwanamke atoke, mtoto abaki, mtoto ni wa baba yake. Vijana sikuwashangaa. Nilikushangaa wewe, kwa sababu mzigo wangu ulikuwa umeshaufunga. Uliufunga vizuri sana, kitenge changu cha kijani juu, na ukaniomba nisilie mbele ya watu.

"Enda ku stesheni," ulisema. "Mi nitakuya kukutosha."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Walikuwa wanasaka wadudu mtaa mzima, na mdudu nilikuwa nalala naye.

Pale stesheni treni haikuja, na haikuja. Watoto waliharisha wakafa, tukawazika kando ya reli. Nilinyoa kichwa kwa sababu ya chawa. Nilikonda mpaka pete yako ikanitoka kidoleni yenyewe, na sikuitafuta. Lakini kila gari lililopita nililitazama, kwa sababu mjinga mimi nilikuwa nakungoja uje unitoe.

Ukaja kweli. Ulikuja polepole kwa kuwa watu walijaa barabarani. Kando yako alikaa mkuu wako mpya kazini, yule aliyepewa kiti cha Mkasai aliyefukuzwa, na ulikuwa unamwonjesha baridi yako. Banza alikuwa nyuma. Vioo vyote vimefungwa. Nilikimbia, nikatembea sambamba na gari, nikapiga kioo cha nyuma kwa kiganja nikiita jina lake. Hukugeuza shingo. Ungesimama, mkubwa angepata joto. Lakini Banza alinitazama, akaweka mkono wake kwenye kioo mkabala na wangu, akacheka. Alicheka kwa meno yake yote madogo. Kisha njia ikafunguka nawe ukaongeza mwendo.

Kicheko kile ndicho nilichopanda nacho treni. Ndani ya behewa la mizigo wanawake waliponiambia mtoto atanisahau, niliwajibu kwamba ameniona na amefurahi. Huku Mwene-Ditu, Kasai, waliponidhihaki kwa Kiluba changu kibovu, wakaniita Mkatanga, niliingia ndani nikakaa na kicheko changu. Sikuolewa tena. Nilikuwa na mtoto aliyecheka aliponiona, na siku moja ningemwambia ukweli wote.

Juma lililopita akapiga tena. Hakuwa na la kusema, akaanza kulalamikia klima. Malori ya madini yanatimua vumbi, mkewe ana mimba na anakohoa, vioo havifunguliki. Nikamuuliza kama gari linapuliza joto likisimama. Akauliza nimejuaje. Nikamsimulia bakuli lake la uji na lile povu. Akacheka kidogo, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikanisogelea. Niliona dakika yangu imefika. Nilishafungua mdomo nimwambie nani alifunga mzigo, nani hakusimama. Akanitangulia. Alisema kuna jambo moja analokumbuka la gari lile, akiwa mdogo, na alilisema kwa furaha, kama mtu anayetoa zawadi.

"Mwanamuke moja wazimu alipigaka ku vitre ya gari," alisema. "Kichwa yake haikuwa na nywele. Mi niliogopa sana. Tata akaniambia, ule iko wazimu, umucheke tu, ataenda. Njo nikamucheka."

Tata Banza, ulinichukulia nyumba, mji na mtoto, na hayo nilikuwa nimeshayazoea. Kicheko hiki nilidhani hukukiona.

Nilikuwa na neno moja la kusema, na lilikuwa la kweli. Lakini lisingekufikia wewe. Wewe umelala. Lingebaki na yeye, kila anaposhika usukani, mpaka azeeke. Nikamuuliza kama yule wazimu alienda.

"Alienda, mama."

"Basi baba yako alisema kweli," nikamwambia. "Uza ata mbuzi, ununue ventilateri ya mbele. Usiache muke wako mu joto."

Alinishukuru. Akasema akizaliwa mvulana atapewa jina lako, nami nikamjibu kwamba ni jina zuri.

Wengine watakuombea pumziko. Mimi nakutakia gari lililosimama, jua la Oktoba, na vioo visivyofunguka.

Mama yake Banza