Dhamana ya Mfereji wa Soko

Jumatatu, 4 Machi
Tanuru limechelewa kushika moto. Kuni mbichi tena. Mikate ya kwanza imetoka na uso wa mgonjwa, nimeiuza hivyo hivyo. Wateja wa ng'ambo ya barabara hawakuja. Wavukie wapi? Mfereji wa Wilondja umekata njia ya soko ukingo hadi ukingo na hakuna anayeshika koleo. Anasema mabomba ya maji yamekwama Uvira. Mbao za kuvukia zimeibiwa. Nina hasira. Lakini ni mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu. Na mimi ndiye niliyemsimamia.

Jumatano, 6 Machi
Anayetaka kuchimba barabara ya mji lazima apate kibali, na kibali hakitoki bila dhamana. Hapa Baraka nani ana benki ya kumdhamini? Wanapokea kiwanja. Basi niliweka changu: nyumba, tanuru, migomba, vyote. Mke wangu Sifa alipinga. Nilimwambia kwetu Wabembe mjomba hamnyimi mpwa. Akajibu kwamba mpwa naye hatamnyima mjomba matatizo. Leo amenikumbusha maneno hayo nikiwa nakanda unga, mikono yote miwili imenasa. Anajua kuchagua saa.

Ijumaa, 8 Machi
Mvua kubwa. Mama mmoja mkimbizi wa Burundi, muuza mihogo, ameteleza akaingia mferejini na mzigo wake. Tulimvuta kwa kitenge. Mguu umevunjika chini ya goti. Hakulilia mguu, alililia shamba litakalokosa wa kulilima. Nimempelekea mikate. Mikate! Aibu tupu.

Mchana karani wa ofisi ya vibali amekuja kuutazama mfereji. Mambo yasipokaa sawa kufikia tarehe ishirini, kiwanja kinakwenda. Nimemtafuta Wilondja. Hayupo. Simu imezimwa. Vijana wake wanasema yuko Lulimba, anachimba dhahabu.

Jumamosi, 9 Machi
Jirani yangu Etongo amesema tuite vijana wa kanisa lake, tuufukie mfereji wenyewe. Nimemjibu vibaya. Mwenye kazi apate dhahabu, mimi nibebe udongo? Mimi nimemsimamia mtu. Aliyemsimamia mtu humleta mtu. Baba yangu alimdhamini ndugu yake kwa deni la nyavu. Ndugu alipotoroka, baba alimfuata hadi Makobola, akamweka mbele ya wazee, mambo yakaisha. Nami nitafanya hivyo. Kesho napanda pikipiki. Sifa ataoka.

Jumanne, 12 Machi
Fizi. Baridi ya mlimani. Njia yote tope, na kila kizuizi kina bunduki yake na mkono wake ulionyooshwa. Kiuno si changu tena. Njia nzima nimepanga matusi ya kumtukana Wilondja. Yapo mazuri.

Ijumaa, 15 Machi
Lulimba. Nimempata. Yu ndani ya shimo hadi kiunoni, amekonda, macho mekundu. Matusi yote yamenitoka kichwani. Ameniambia, "Mujomba, mi siko mwizi. Natafuta feza ya mabomba." Na ni kweli. Hiyo ndiyo iliyoniudhi zaidi. Mwizi ningempiga.

Jumatatu, 18 Machi
Bado tuko njiani. Mto umebeba daraja la miti. Tumelala kwa watu tusiowajua, wakatupa ugali na samaki mkavu, hawakuuliza kitu. Wilondja halali. Wala mimi.

Ijumaa, 22 Machi
Tumefika jana usiku, siku moja imepita. Sikujali. Siku moja ni nini, mtu si nimemleta? Asubuhi nimevaa koti la kanisani, nimemshika Wilondja mkono hadi ofisini. Nikasema: huyu hapa.

Karani alitutazama kama watu waliomletea mbuzi ambaye hakumwagiza. "Papa, siye hatukuomba muntu. Tuliomba barabara."

Akanieleza polepole, bila dharau. Afadhali angenidharau. Dhamana si ya Wilondja. Ni ya barabara irudi kama ilivyokuwa. Wilondja awe hapa, awe Lulimba, awe kaburini, kwao ni mamoja. Mfereji ungefukiwa na yeyote, hata na mimi, kiwanja kingebaki changu. Lakini mvua zimeula ukingo, ukuta wa duka moja umepasuka, na siku imepita.

Ile karatasi niliisoma kabla ya kutia sahihi. Kifaransa nakijua. Niliona jina lake na jina langu, yaliyobaki nikayachukulia kuwa maneno ya ofisi.

Jumamosi, 23 Machi
Tumeufukia. Mimi, Wilondja, Etongo na vijana wa kanisa lake. Tulipomaliza jua lilikuwa bado halijafika utosini. Etongo alifuta koleo lake, akanipa mkono. Ni mtu mwema na leo nimemchukia. Watu wamevuka, wengine wametushukuru. Majuto ni mjukuu, ila huyu wangu amekuja mapema sana.

Nimerudi ofisini na mikono yenye udongo. Wamenipa pole.

Alhamisi, 4 Aprili
Mnunuzi aliyeuziwa kiwanja chote na ofisi amekuja na mafundi. Nyumba itabaki, tanuru hapana, anataka nafasi ya ghala. Walilivunja kwa nyundo. Lilikuwa bado na joto ndani, maana Sifa alioka alfajiri bila kuniambia. Nililia mbele ya watu. Wilondja alitaka kuzuia nyundo, nikamvuta. Ya nini?

Jumapili, 14 Aprili
Lweba. Tuko kwa kaka yake Sifa, chumba kimoja, mlango unatazama ziwa. Wilondja amerudi Lulimba. Alikuja kuaga, akapiga magoti, nikamwekea mkono kichwani kama inavyopasa.

Shemeji anatafuta mtu wa kumsaidia shambani. Nitaanza kesho.

Asubuhi Sifa alikwenda kijijini, akarudi na mkate. Amenunua. Aliukata vipande, akanipa cha katikati. Tumekula. Ulikuwa mzuri.