Sekunde Sitini za Binti wa Udongo

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Ametembea! Binti wa udongo ametembea!

Patou, mutu wetu wa sauti, aliweka ordinatere, kompyuta yake, juu ya meza, akabonyeza, na binti akatoka mlangoni kwa mama yake mfinyanzi, akashuka njia na kikapu kichwani. Bila kuruka. Bila kutetemeka. Sekunde sita, picha 72 za kuchorwa kwa mkono, zote zangu. Nilipiga kelele mpaka mama wa duka jirani akaja kuuliza nani amekufa.

Hesabu, niiandike hapa kwa sababu hakuna anayeniuliza. Filme nzima ni dakika tisa. Sekunde moja inakula picha 12. Jumla 6,480. Zimekwisha 5,988: mimi 3,471, Patou na mwenzetu mmoja aliyehamia Kampala 1,815, Lionel, anayeongoza filme, 702. Zinabaki 492, ndizo za wimbo.

Sasa afishe, tangazo la filme. Lionel ameileta asubuhi, karatasi nzito, rangi safi. «Filme ya Lionel.» Mimi niko chini kabisa, kwa herufi za sisimizi: «akisaidiwa na Félicité». Akisaidiwa! Miaka kumi na nne nachora vibao vya saluni katika mtaa wote wa Lumumba. Hakuna aliyenifundisha. Kila kichwa kilichosukwa kwenye ukuta wa mtaa huu kimetoka katika mkono huu. Nikamwambia afishe iko muzuri. Akasema, «Merci, mama.» Hakusikia kitu.

Lakini ametembea!

Jumatano, 10 Septemba

492. Nimemaliza saa sita mchana, vidole kama kuni. Patou amecheza peke yake kati ya meza mbili.

Ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Binti, aliyefinyangwa na mama asiye na mtoto, amekwenda mbali siku aliyokatazwa. Wingu linamfuata. Mvua ikimpata atarudi kuwa matope. Basi anaiimbia mvua ingoje mpaka afike nyumbani. Sekunde 41: Lionel aliimba mwenyewe kwa pua, mimi nikapima, nikachora mdomo silabi kwa silabi.

Keshokutwa anakuja mwenye hadisi, Mama Elisabeth, muzee mama wa juu kule karibu na Kpandroma. Vita ilimtoa huko. Anaishi hapa Bunia kwa bibi ya mtoto wake, mkwe wake. Ndiye aliyempa Lionel hadisi yote, mwaka jana. Ataimba, Patou atashika sauti, tutaibandika juu ya mdomo wangu. Tamasha ya Kisangani inapokea filme mpaka tarehe 10 oktoba. Tuko mbele ya wakati! Siye! Mbele!

Ijumaa, 12 Septemba

Balaa.

Tulitundika mablangeti kwenye kuta zote za chumba. Asubuhi, kabla mvua haijaanza kupiga manjanja, mabati ya paa. Lionel alifunga mlango, akaweka kidole mdomoni: atakayekohoa atoke sasa. Mama Elisabeth alikaa mbele ya mikro, kaske ya masikioni imelala juu ya kitambaa chake kama kofia ya askari. Akaimba mstari mmoja. Mungu wangu, sauti ile! Nywele za mikono zilisimama.

Akanyamaza.

Tukangoja. Patou akamwinulia kidole gumba, endelea. Akaimba mstari uleule tena, polepole zaidi, akitutazama mmoja mmoja. Akanyamaza tena. Sisi kimya, kama Lionel alivyosema. Hata kumeza mate niliogopa.

Mara ya tatu alivua kaske, akasimama, akatafuta ndara zake.

«Mutoto ameyeyuka,» akasema. «Hadisi imeisha.»

«Mama, nani ameyeyuka? Tunanyamaza sababu ya mikro!»

«Basi mikro ijibu.»

Akaenda zake. Lionel anasema muzee amesahau maneno, ni umri. Tayari amempigia simu mwimbaji mmoja wa Kinshasa, rafiki yake ya shule. Sijui nani anafikiri nini katika nyumba hii, lakini mimi niliona macho ya yule mama. Hakusahau kitu. Alikuwa na hasira ya mutu aliyesalimia watu wasiitike.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimekwenda kwake bila kumuuliza Lionel. Bibi ya mtoto wake, Denise, alikuwa anapanga samaki wa Kasenyi kwenye beseni. Mama Elisabeth anachagua maharagi.

«Ni weye ule wa kuhesabu,» akasema. «Umekuya kunihesabia maharagi?»

Nikasema nimekuja kuuliza siku ya ijumaa tulikosa nini. Hakunijibu. Akaimba: *Mvua, mvua, nina njia mbele.* Akanitazama. Mimi — kimya! Mazoea ya ile chumba. Akanitupia haragi kwenye paji la uso.

«Jibu!»

«Nijibu nini, mama?»

Denise akacheka, mikono yote iko na magamba. Akanifundisha: *Ngoja, mvua, ngoja.* Nikasema. Mama Elisabeth akatikisa kichwa: mvua haijasikia. Nikasema tena. Bado. Mara ya nne nikapaza sauti mpaka mbuzi wa jirani akakimbia, ndipo Mama Elisabeth akaingia mstari wa pili.

Akanieleza huku akichagua, kama anaeleza namna ya kupika sombe. Yeye akiimba ndiye mutoto. Wasikilizaji ndio mama, na jirani, na mawe ya njia. Wao ndio wanaisimamisha mvua. «Kama hamujibu, mvua ingoje sababu ya nini? Sababu ya mutoto moja wa matope?»

Nikaanza kuhesabu, haragi mkononi.

Picha 492. Mdomo wa binti haufungwi hata mara moja. Nimemchora binti anayeimba, anaimba, anaimba — na hakuna picha hata moja ambamo anasikiliza! Mimi mutu wa lupangu, nyumba yenye watoto tisa, kule Mahagi, niliyejibu hadisi za shangazi kila wiki mpaka nikaolewa! Nilisahau kwa sababu kulikuwa na mikro.

Zote za kutupa. Na njiani nilikuwa natembea kama naruka. Sasa najua uso wa binti ukoje anapongoja jibu. Naona hata kidevu.

Alhamisi, 18 Septemba

Wimbo wa Kinshasa umefika. Sekunde 41 kamili. Sauti tamu, lazima niseme, sauti ya asali. Lionel ameubandika juu ya picha zangu na mdomo unakwenda sawasawa. Akanigeukia kama aliyeniletea zawadi.

Nikasema tutupe.

«Wimbo?»

«Wimbo na picha. Zote 492.»

«Zako mwenyewe?»

«Zangu mwenyewe. Haukuzichora weye, ukilia utalia bure.»

Patou akajificha nyuma ya ordinatere. Nikaeleza habari ya kujibu; Lionel akazunguka meza mara mbili. Hana roho mbaya, niandike na hilo, anaogopa tarehe. Mwisho akasema vizuri, Mama Elisabeth arudi, alete na watu wa kujibu. Lakini sekunde sitini, hata moja zaidi hapana. Ikizidi anaweka wimbo wa Kinshasa na picha za zamani, na hataki kusikia neno.

Nilihesabu mbele yake. Sekunde 60 ni picha 720. Mkono wangu unatoa 60 kwa siku: siku 12. Tukishika sauti tarehe 24, tukiondoa siku za Mungu, nina siku 13 mpaka 9 oktoba. Inaingia. Na siku moja ya kuugua.

«Basi weye utashika saa,» akasema. «Na kitambaa nyekundu. Sekunde 60, unainua, anasimama.»

Mimi! Nikakubali. Nani mwingine anajua kuhesabu hapa?

Jumanne, 23 Septemba

Nimemweleza Mama Elisabeth habari ya kitambaa. Akauliza sekunde sitini ni urefu gani. Nikampigia makofi sitini. Akasema: «Mvua ya kwenu iko na haraka.» Lakini amekubali, tukafanya na mazoezi. Atakuja na watu wake, siyo wangu. Wangu, anasema, hawajui njia.

Siwezi kula. Furaha tu!

Jumatano, 24 Septemba

Saa tatu asubuhi. Naandika humu chumbani, kwa kalamu ya risasi, haina kelele. Watu 23. Nilitazamia 10. Wamama, wazee wawili, Denise na harufu yake ya samaki, wote wamekaa chini juu ya bashe, turubai la mvua. Wengi ni wa milima ya kwao Mama Elisabeth, wametoka kambini kwa waliokimbia vita tangu alfajiri, wamevaa nguo za misa. Mablangeti yananuka joto. Lionel karibu na mlango. Patou ameinua kidole. Saa iko kwenye goti langu, kitambaa mkononi.

Mama Elisabeth anaanza.

Wamejibu! *Ngoja, mvua, ngoja* — kuta zimetikisika, Patou amerukia vifungo vya sauti. Mstari wa pili, wanajibu. Tazama uso wake anaposikiliza! Nachora pembeni hapa, kidevu juu, jicho moja limefungwa kidogo. Ndiyo!

Sekunde 38. Binti amefika njia panda. Sasa lazima amalize. Tulifanya mazoezi jana: njia panda, kisha nyumbani.

Anaimba: *Mvua, mvua, nipitie Kpandroma kwanza.* Hii haikuwepo jana!

Wanajibu. Mama mmoja nyuma ameita «Na Fataki!», sauti imepasuka kidogo. Mama Elisabeth hakugeuka hata, ameishika: *nipitie Fataki.* Wanajibu. Mwingine: «Jiba!» *Nipitie Jiba.* Wanajibu. Kila mmoja anataka binti apite kwao, kule vita ilikomtoa.

58. 59. 60.

Lionel ananitazama. Naona saa. Naona vizuri sana.

Dakika moja na sekunde 5. Hapo mkono wangu unaishia: picha 780, siku zote 13, bila ya kuugua.

«Linga!» Ni Denise huyu, kwao ni Linga, sikujua. Analia na anajibu pamoja. Lionel anaonyesha mkono wangu, juu, juu. Najifanya naandika. Naandika kweli. Kitambaa nimekikalia.

Dakika moja na sekunde 30. Picha 1,080, siku 18. Lionel anakuja kwa ncha za vidole kati ya miguu ya watu, amenyoosha mkono. Wamama hawamfungulii njia. Mmoja amemshika suruali, anamwonyesha mdomo wake: jibu.

Sekunde 48 juu ya dakika. 1,296. Siku 21 na zaidi ya nusu, ninazo 13, na sioni picha ya kuondoa. Karibu na mlango kuna muzee aliyekaa kimya tangu mwanzo, hajataja kwao bado. Mama Elisabeth amenyamaza, anamngojea. Wote wanamngojea. Anainuka, naweka kalamu chini nijibu —