Mtumbwi wa Baba Ulilala Kifudifudi

Kwa hivyo hapana, Baba hajashika simu. Nimempigia asubuhi kabla ya kanisa, nimempigia tena tuliporudi, na simu ya Baba inaita mpaka inachoka yenyewe. Leo ni Jumapili. Mvua imenyesha mchana kutwa, baridi imeingia hadi kwenye vikombe, na mume wangu amekaa uani chini ya turubai, mkono juu ya mtumbwi, kama mtu anayempima mgonjwa joto.

Mume wangu. Bado napenda kuyaandika maneno hayo. Picha za harusi hazijapata hata fremu, zimeegemea ukuta wa sebule, na kila nikipita natabasamu kama mjinga.

Leo nimepita bila kutabasamu.

Baba ninayemtaja si baba yangu mzazi. Wangu yuko Burnt Forest, anauza mbolea na mbegu dukani kwake, na ni mzima kabisa. Huyu ni baba mkwe wangu, baba yake Wabwire, mzee wa Budalang'i. Maisha yake yote alivusha watu mto Nzoia kwa mtumbwi, mpaka mafuriko yakachukua mtumbwi na ugonjwa wa figo ukachukua nguvu zake.

Siku ya harusi alinishika mikono yote miwili mbele ya wageni. "Mama," aliniambia, maana kwao mke wa mwana huitwa mama hata akiwa mdogo kama mimi, "wake wote wa boma hili nimewavusha mimi. Wewe peke yako umeingia kwangu na gari, juu ya daraja, kama afisa wa serikali."

Watu walicheka. Yeye alicheka kidogo tu, kisha akatazama kando. Wabwire aliona.

Tuliporudi kwetu Langas, mjini, alianza kuchora mtumbwi, ili Baba anivushe na mimi.

Wabwire ni fundi wa viti na meza. Mtumbwi alikuwa hajawahi kuunda. Alijifunza kwenye simu, akitazama video za watu wa nchi za mbali wanaounda mitumbwi ya fito nyembamba nyumbani kwao. Akaenda Kaptagat kwa mkulima mmoja, akarudi na posti kuukuu za ua, za mwerezi, ule mti ambao mafundi wa hapa wanauita sida. Nje zilikuwa za kijivu kama jivu. Alipozipasua kwenye mashine, ndani zilikuwa nyekundu, na harufu ilikuwa ya penseli iliyochongwa sasa hivi. Harufu hiyo ikaingia kwenye nguo zetu, kwenye mto wetu, kwenye shingo yake. Nilikuwa nalala nikinusa darasa la tatu na mapenzi kwa pamoja. Nisameheni, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kila fito ilipakwa gundi ubavuni, ikabandikwa kwa mwenzake, ikafungwa kwa blada, vipande vya mpira wa tyubu, mpaka ishike. Mimi nilishika mwisho mmoja, yeye mwisho wa pili. Fito ilipinda taratibu kati yetu na tukawa tunatazamana tu, tunangoja gundi. Sidhani nitawahi kuwa na furaha kuliko ile.

Mama Kiprono, tunayeishi naye kwenye ploti moja, hakutuacha. "Wabwire, hiyo kitanda itabeba watu wangapi? Ama mshajua ni mapacha?"

Mtumbwi wa namna hii huundwa kichwa chini. Viunzi vya plaiwudi husimamishwa kwenye benchi refu, fito zikalazwa juu yake, kwa hiyo wiki baada ya wiki unachokiona ni tumbo la mtumbwi likitazama mawingu. Mimi niliona tumbo zuri. Nililipapasa kila nilipoenda kuanika nguo.

Baba hakutakiwa kuuona bado. Kliniki yake iko hapa mjini, na siku yake ilikuwa mwezi ujao. Halafu watu wa kliniki wakampigia simu kwamba aje Jumanne hii iliyopita. Tukasema, basi, si atafurahi mapema!

Nilichinja kuku. Nilisuka hata nywele.

Wabwire alimpokea stendi, wakaja wakiongea, nikawasikia wakicheka nje ya geti. Geti likafunguka. Baba aliingia na koti lake kubwa, kadi ya kliniki ikichungulia mfukoni, akauona mtumbwi umelala kifudifudi katikati ya uwanja. Alisimama. Akavua kofia.

"Huu ni wa nani?"

Wabwire alikuwa anang'aa. Uso wote ulikuwa meno. "Ni wako, Baba."

Mzee akasema, kwa sauti ya chini isiyo na hasira hata kidogo, "Si mngengoja tu."

Sikuelewa. Nilimtazama mume wangu nikaona rangi imemtoka, ndipo nami nikaanza kuogopa bila kujua ninaogopa nini.

Kwao, mwenye mtumbwi akifa, wanawe huuvuta kutoka mtoni mpaka nyumbani na kuugeuza kifudifudi uwanjani. Hapo hulala siku zote za matanga. Mtu akipita njiani akiuona, haulizi, anajua aingie kulia. Hakuna mtu wa kwao anayegeuza mtumbwi uwanjani kwa sababu nyingine yoyote. Hata ukivuja, hurekebishiwa huko huko mtoni.

Na mwanawe amemwonyesha mtumbwi uliogeuzwa, akamwambia ni wako.

Hakuingia ndani. Kuku wangu hakumwonja. Aliomba maji, akayanywa akiwa amesimama, akarudi stendi, na Wabwire akimfuata nyuma akimweleza habari za viunzi na gundi na video. Aliniambia baadaye alichojibiwa: "Wewe ni mtoto wa mto. Usinieleze mambo ya simu." Baba akapanda gari la kurudi Budalang'i, na kliniki hakuiona.

Nilimuuliza Wabwire, inakuwaje ulisahau jambo kama hilo? Hakukasirika. "Sikusahau," alisema. "Nilikuwa naona kazi. Sikuwa naona mtumbwi." Kisha akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia.

Nikiri kitu. Alipolaza kichwa begani kwangu akilia, kuna sehemu ndogo ya moyo wangu iliyofurahi kwamba ni bega langu alilolitafuta. Ni furaha ya aibu. Mtu anaweza kuwa bibi harusi na mfiwa kwa wakati mmoja? Maana nyumba yetu tangu Jumanne imekuwa kama ya matanga, na aliyetuachia matanga yu hai.

Jana tuliugeuza. Kitambaa cha faiba cha nje, kile kinachopakwa gundi kuzuia maji, kilikuwa kimeshakauka, ingawa kwa taabu kwa sababu ya baridi. Majirani walikuja wakatusaidia kuunyanyua kutoka kwenye viunzi na kuulaza sawasawa. Ndani ni mwekundu, mistari ya mti inakimbia kutoka ncha hadi ncha, ni mzuri jamani, ni mzuri mpaka unauma.

"Haya! Sasa imeamka!" Mama Kiprono alishangilia. Maskini, hajui lolote. Wabwire aliingia ndani ya nyumba akafunga mlango.

Nilitaka kutuma picha Baba aone umekaa sawa. Lakini simu zao zote mbili ni kabambe, zile ndogo za vitufe, hazipokei picha.

Mchana huu Mama mkwe ndiye aliyenipigia, akinong'ona. Miguu ya Baba imevimba. Uji anakunywa vijiko tu. Akisikia jina la Wabwire anageukia ukuta.

"Na kliniki, Mama?"

"Anasema, mtu ameshawekewa matanga, aende kliniki kutafuta nini?"

Nimetoka nikamwambia Wabwire. Yeye ana mpango wake. Anataka kuumaliza kwanza: faiba ya ndani, viti, vanishi. Halafu akodi lori, aupeleke hadi mtoni, Baba auone ukielea. "Akiuona majini ataelewa," alisema.

"Utakauka lini?"

"Na hii baridi? Mwezi ujao, katikati."

"Miguu imevimba, Wabwire."

Aliendelea kupiga msasa mahali palipokuwa tayari laini. Nilikaa kando yake kwenye benchi lenye maji, sikuwa na habari na sketi yangu ya kanisa.

"Niende mikono mitupu?" aliuliza mwishowe. "Baada ya nilichomfanyia?"

"Utaenda na mimi."

Aliuweka msasa chini. Hakusema ndiyo. Lakini aliuweka chini.

Nilitamani sana kuvushwa na Baba. Nilikuwa nimeshachagua leso ya siku hiyo, ya manjano. Huenda siku hiyo isije, na nimelia kwa ajili yake leo nikiosha vyombo, nikamaliza. Sasa ninachotaka ni Baba aingie kwenye gari aje amwone daktari, hata akitutukana njia nzima. Mtumbwi ukae hapa. Ukauke ukipenda.

Nimempigia Mama tena kabla ya kuandika haya. Nilimwomba aweke simu kwenye sikio la Baba hata kama hataki. Nilisikia pumzi yake tu, nzito, na nikaongea haraka kabla hajasukuma simu.

Baba, ni mimi, nilisema. Kabla mwezi huu haujaisha tunakuja kwako, mimi na Wabwire, bila mtumbwi. Ukituona ukageukia ukuta, nitasukuma kitanda, niketi huko huko ukutani.