Maji Yanamngoja Octavian

Jumatatu, 18 Novemba 2024

Radi ya kwanza ya msimu jana jioni, mvua kiduchu. Nikafanya tunavyofanya wote hapa Maretadu: nikafunika kioo, nikachomoa redio, nikaenda kibanda cha pampu kuchomoa na kile kikompyuta cha Octavian. Asubuhi nimekichomeka. Taa inawaka. Pampu kimya.

Kisima kiko kwenye kiwanja changu, ufunguo wa kibanda ninao mimi. Kwa hiyo lawama zote zangu. Wanawake wamegeuka na ndoo tupu, wameshuka mtoni.

Kikompyuta ndicho kinachoiamrisha pampu, na anayekiamrisha ni Octavian, mwanangu, akiwa Dar. Anaingia humo kwa mtandao kila akitaka. Kwangu hajaingia tangu tumzike baba yake.

Jumanne, 19 Novemba

Octavian kapiga. Hakuna shikamoo. Ati mama, umegusa nini? Nikakata. Akapiga tena, akaamkia vizuri, nikaitika.

Anasema akijaribu kuingia anakataliwa. Mashine iko hai, inamjibu, ila inamkatalia kuingia. Nizime, niwashe. Nikazima, nikawasha. Vilevile. Nimtajie taa. Ya kijani inapepesa, nikamtajia. Nichomoe waya wa intaneti, nirudishe. Nikarudisha. "Bado inakataa, mama." Magoti yangu kwenye saruji, yeye kwenye kiti cha kuzunguka.

Mwisho kajua. Ni yeye! Mwezi wa nane alibadilisha mambo humo ndani, huko huko aliko. Ile programu inayompokea akija kwa mbali aliiwasha tu, hakuiagiza iamke yenyewe umeme ukirudi. Na pampu nayo inangoja amri yake. Nikamwuliza kwa nini. Ati hakudhani itazimwa.

Ati haitazimwa, hapa Maretadu, na radi hizi! Mtoto niliyemfundisha mimi mwenyewe kuchomoa redio.

Jumatano, 20 Novemba

Wifi yangu Ludovika kapita na ndoo ya mtoni kichwani, kasimama makusudi. Ati wifi, mwanao anafungua maji toka Dar, mlango wako tu ndio asioujua ulipo. Nikamwambia apite, ndoo inavuja. Haikuwa inavuja.

Maneno yake yamenikaa kifuani kutwa nzima.

Jioni Octavian kapiga. Shikamoo kwanza — kajifunza. Lazima mtu akae mbele ya mashine na kibodi na skrini, aandike maneno machache. Mwalimu Halfani wa sekondari angeweza, lakini yuko Babati kwenye semina, haijulikani anarudi lini.

Basi, akasema, Jumamosi nakuja mwenyewe.

Nikamwambia abebe sweta.

Alhamisi, 21 Novemba

Nimefua mashuka yake kwa maji ya mtoni. Yametoka na rangi ya tope. Nimeyaanika hivyo hivyo.

Ijumaa, 22 Novemba

Jogoo nimemfunika kwa tenga tangu asubuhi. Chumba kimefagiliwa.

Saa tisa hodi. "Shikamoo bibi." Mwalimu Halfani, kibodi kwapani, skrini ya shule imefungwa kwenye kitenge. Kashuka basi, kasikia habari, kapitia shule kuvichukua, hata kwake hajafika. Mtoto wa watu, wa huko Tanga, hana hata ng'ombe hapa. Anasema ni kazi ndogo, Octavian atamwelekeza kwa simu. "Hana haja ya kusafiri tena, bibi." Kasema kama ananipa zawadi.

Nimempa chai, nikasema naenda kutafuta ufunguo wa kibanda. Nikaingia ndani, nikampigia Octavian. Nikamwambia mwalimu yupo. Akashukuru Mungu. Nikamwuliza: akimaliza, wewe utakuja? Akasema, mama, tuone kwanza kama itawaka.

Habari zimeshazunguka. Wanawake wamepanga ndoo kwenye ua wangu hadi barabarani. Ya kwanza ya Ludovika. Leo anatazama mlango tu.

Chai ya mwalimu imekwisha, namsikia anaweka kikombe. Anauliza kwa adabu kama ufunguo umeonekana.

Uko kwenye pindo la kanga yangu. Nimemjibu bado natafuta.