Maji ya Matope Chini ya Ukuta

Nyumbani,
Chumba cha cherehani,
Jumatano asubuhi.

Mpendwa shemeji,

Hujambo huko uliko? Yale mafua yameisha, au bado unapiga chafya kwenye simu mpaka tunaruka? Sisi ni wazima, watoto hawajambo, cherehani nayo inakohoa lakini inakwenda. Roho tu ndizo zilizo juu, na nimeona nikuandikie kabla maneno ya watu hayajakufikia.

Dada yako yuko taabani kazini. Unalijua lile bwawa jipya ambalo yeye na wanafunzi wake wa uhandisi wamelipima tangu likiwa bonde tupu. Kila akienda huchota maji yanayovuja chini ya ukuta na kuyaacha yatulie kwenye glasi. Ukuta wa udongo lazima uvuje kidogo, anasema. Maji yakiwa safi, hana neno. Yakiwa na matope, basi ukuta unaliwa kwa ndani. Safari hii maji yaliacha matope kwenye kitako cha glasi.

Aliandika maji yapunguzwe mara moja. Meneja wa bwawa akakataa. Ni yule yule mwanafunzi wake wa zamani aliyekuwa akishinda kwetu akimaliza sukari! Ukame umetuchosha, bwawa ndiyo kwanza limejaa, nani amwage maji mbele ya watu wenye kiu? Akasimama mkutanoni: "Jamani, mama mzazi wa Profesa anakaa pale chini kabisa ya bwawa. Kungekuwa na hatari, si angeshamhamisha?" Akapigiwa makofi. Chuoni nako, mkuu wa kitivo amemtaka dada yako afute ripoti au aachie ngazi.

Sasa msikie mama yenu. Unajua alivyo mbishi, wewe mwenyewe umembembeleza ahame mpaka ukachoka. Maneno ya mkutanoni yalimfikia. Jana asubuhi, barabara imejaa watu, akatoka na godoro kichwani na jogoo kwapani, akafunga mlango, akaanza kupanda kuja kwetu. Jirani akamuuliza anakwenda wapi. "Kwa mwanangu," akasema. "Nilimsomesha ili asikilizwe na nani?"

Hadi alasiri barabara nzima ilikuwa magodoro. Meneja alipoona nyumba zimebaki tupu, akafungua milango ya bwawa maji yapungue.

Leo wanachimba ukutani waone kama kweli umeliwa. Wakiukuta mzima, dada yako amekwisha, kazi yake yote ya maisha itakuwa kichekesho. Tayari mtu amemwaga ndoo ya matope mlangoni kwetu. Nina hasira, shemeji, na ninaogopa. Alfajiri nilimwambia mke wangu kwamba ninaomba wakute shimo kubwa la kuingia mtu.

Alikuwa anavaa buti. Akaniangalia kama anavyomwangalia mtoto aliyetukana. "Mimi naomba niwe nimekosea," akasema. "Wakikuta shimo, bwawa lote litamwagwa. Watu hawa watakunywa nini?"

Akaondoka kwenda bwawani. Tangu hapo nimeshona mkono wa shati upande usio wake mara mbili.

Msalimie mkeo, na mapacha uwabusu. Mama anakusalimu sana. Amekalia godoro lake mlangoni, macho barabarani. Mungu awafunike huko, na huku amrudishe dada yako akiwa ameshinda au ameshindwa, mradi arudi.

Wako akupendaye,
Shemeji yako, fundi cherehani.